Kuchomoa kurasa chache kwenye PDF: njia ipi kwa kazi ipi

Dada mmoja alifika kaunta saa kumi na moja jioni, simu mkononi, amechoka. Taarifa yake ya benki ya mwaka mzima ilikuwa na kurasa 46, na waliomwomba walitaka miezi mitatu ya mwisho tu. Steshenari ya kwanza aliyopita walipiga picha za skrini ukurasa kwa ukurasa, wakazibandika kwenye Word, kisha wakageuza kuwa PDF. Tarakimu zilififia kiasi kwamba 3 na 8 hazikutofautiana, na ombi lake likarudishwa. "Kaka, nitolee kuanzia ukurasa wa thelathini na tano mpaka mwisho, na zikae kama zilivyo."

Hilo la "zikae kama zilivyo" wengi hawalisemi, ingawa ndilo wanalolitaka. Kila siku ananijia mtu mwenye hitaji la namna hiyo. Mwanafunzi anataka sura moja ya kitabu cha kurasa 300. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu ameskani fomu nzima, kumbe anatakiwa kupakia kurasa zenye sahihi tu. Mwalimu wa uraia ana Katiba nzima ya Tanzania na anataka kuwagawia wanafunzi sehemu ya haki na wajibu, inayoanzia ibara ya 12. Mama ana hukumu ya mirathi, na mwanawe aliye Muscat anahitaji ukurasa mmoja tu, ule wenye amri ya mahakama.

Njia za kufanya kazi hii ni nyingi, na karibu zote zitakupa faili lenye kurasa ulizotaka. Tofauti huonekana baadaye, faili likishafika kwa mwenyewe. Kwa hiyo ninapozilinganisha siweki kasi mbele. Najiuliza kwanza kama faili litatoka nje ya kifaa changu, halafu najiuliza kama ukurasa nitakaoupata ni ule ule au umechorwa upya. Mtu akishajibu hayo mawili, chaguo hubaki dogo.

Kuchomoa na kutoa kopi si kitu kimoja

Chukua jalada la ofisi lenye karatasi zilizotobolewa pembeni. Ukitaka karatasi ya 12 unaweza kulifungua na kuichomoa, ikatoka na mhuri wake, wino wake na mkunjo wake. Au unaweza kuipeleka kwenye mashine ya fotokopi ukapata karatasi nyingine inayofanana nayo. Zote mbili zinasomeka, ila moja tu ndiyo karatasi yenyewe.

PDF nayo iko hivyo. Ndani yake kila ukurasa una maelezo yake: herufi zipi zikae wapi, picha ipi iwekwe wapi, fonti zipi zitumike. Programu inayochomoa kweli hunakili maelezo hayo bila kuyagusa. Maandishi hubaki maandishi, picha haipungui ubora hata chembe, na viungo vilivyo ndani ya ukurasa kwa kawaida vinaendelea kubofyeka. Programu inayoprinti hufanya lingine: inachora ukurasa upya juu ya karatasi isiyokuwepo, kisha inahifadhi ule mchoro. Kwa macho hutaona kitu. Lakini viungo, alamisho za sura (ile orodha ya pembeni unayoibofya ikupeleke kwenye sura) na visanduku vya kujazia fomu aghalabu hupotea, na kwa baadhi ya mashine maandishi yenyewe hugeuka picha, usiweze tena kutafuta neno wala kunakili sentensi.

Jambo moja la historia lina faida hapa. Adobe waliitoa PDF mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 32000. Kwa hiyo yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuisoma na kuikata bila kumwomba mtu ruhusa. Ndiyo maana programu nzuri za bure zipo tele, na kwa kazi hii ya kutoa kurasa sioni sababu ya mtu wa kawaida kulipa hata shilingi.

Kuprinti upya: njia ambayo tayari unayo

Kwenye kompyuta, fungua PDF ndani ya Chrome au Edge, bonyeza Ctrl na P. Pale penye jina la printa chagua kuhifadhi kama PDF. Kwenye sehemu ya kurasa andika unazozitaka: 35-46, au 1,4,9-12. Mkato maana yake "na", kistari maana yake "mpaka". Hifadhi kwa jina jipya, basi.

Kwenye simu ya Android hatua ni zile zile. Fungua faili kwa programu ya Drive, gusa vitone vitatu, chagua kuchapisha, kisha juu kabisa badala ya printa chagua kuhifadhi kama PDF. Kurasa zitajipanga kama vijipicha vyenye alama ya tiki, na unaweza kuondoa tiki kwenye usizozitaka au kuandika namba. Kwenye iPhone kuna njia bora kuliko hiyo: tangu iOS 15 programu ya mafaili iliyomo ndani ya simu inakuruhusu kufuta kurasa moja kwa moja. Nakili faili kwanza, fungua ile nakala, bonyeza kijipicha cha ukurasa usioutaka, futa. Kinachobaki hakijachorwa upya.

Uzuri wa kuprinti ni kwamba haihitaji kusakinisha chochote, haili bando, na faili halitoki kwenye kifaa. Kwa mtu mwenye simu tu, anayetaka kurasa tatu za kusomwa na binadamu mwenzake, sina la kuongeza. Atumie hiyo.

Lakini kwenye Windows kuna mtego mdogo. Kwenye orodha ya printa utaona majina mawili yanayofanana: lile la kivinjari chenyewe la kuhifadhi kama PDF, na lingine liitwalo Microsoft Print to PDF, lililokuja na Windows 10 mwaka 2015. Chagua la kivinjari. Hilo la pili nimelikuta mara kadhaa likitoa faili ambalo huwezi kutafuta neno ndani yake, na lenye uzito kuliko lilivyotakiwa kuwa. Namna ya kujua ni rahisi: fungua faili jipya, bonyeza Ctrl na F, tafuta neno unaloliona kwa macho. Lisipopatikana ilhali kwenye faili la mwanzo lilipatikana, umepewa picha.

Mtego wa pili ni kipimo. Printa hupenda kuubana ukurasa ili uenee kwenye A4. Barua haidhuriki. Ila fundi mmoja aliniletea ramani ya kiwanja iliyotolewa kwa njia hii, na ilikuwa imepungua kidogo pande zote. Ramani iliyochorwa kwa kipimo ikipungua hata kwa asilimia chache, rula haisemi kweli tena. Ramani, michoro ya nyumba na vyeti vyenye karatasi ya ukubwa wake usivitoe kwa kuprinti.

Tovuti za kukata PDF

iLovePDF ya Barcelona, Smallpdf ya Uswisi, Sejda na nyingine kama hizo zinafanya kazi vizuri. Unapakia faili, kurasa zinajipanga mbele yako, unagusa unazozitaka, unapakua. Zinachomoa kweli, hazichori upya. Kwa mtu asiyezoea kompyuta hakuna njia iliyo wazi zaidi, maana anaona ukurasa anaouchagua badala ya kukisia namba.

Shida ni lile swali la kwanza. Faili limetoka. Limekwenda kwenye seva ya mtu mwingine katika nchi nyingine. Tovuti hizo kubwa zinaeleza kwamba hufuta mafaili baada ya saa moja au mbili, na sina sababu ya kudai kwamba hawafanyi hivyo. Ninachouliza ni kama wewe ulikuwa na ruhusa ya kulituma. Ikiwa ni hati yako ya mshahara, uamuzi ni wako. Ikiwa ni ya mteja aliyekaa kwenye benchi anakusubiri, uamuzi si wako.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya inayo ya kwake tangu mwaka 2019. Sisi wa steshenari tunashika vitambulisho vya NIDA, majibu ya hospitali, hati za viwanja na hukumu za ndoa za watu kuliko ofisi nyingi tu, na wengi wetu tunazipakia kwenye tovuti ya kwanza inayotokea Google bila kufikiri. Hilo linanisumbua moyo. Mteja akikupa flashi yake amekukabidhi maisha yake, hajakupa ruhusa ya kuyasafirisha.

Kwa hiyo mimi nina mpaka. Kilichokwisha kutolewa kwa umma, kama Katiba, mtaala, mitihani iliyopita au tangazo la Gazeti la Serikali, nakitia kwenye tovuti bila wasiwasi. Chenye jina la mtu na namba zake hakitoki kwenye mashine yangu.

Kuna tovuti nyingine zinazofanya kazi yote ndani ya kivinjari, faili lisiende popote. Kuthibitisha ni rahisi: fungua ukurasa wa tovuti, ukishakamilika zima mtandao, kisha jaribu kukata faili. Ikifanya kazi mtandao ukiwa umezimwa, faili halijaondoka. Ikigoma, umejua.

Usisahau bando pia. Kitabu kilichoskaniwa cha MB 80 kitapanda chote kwenye seva ndipo zishuke zile MB 2 ulizozitaka. Na ukiwa kwenye tovuti usiyoijua, kitufe kikubwa cha kijani cha kupakua mara nyingi ni tangazo. Faili lako liko kwenye kitufe kidogo pembeni.

Programu za kusakinisha: PDFsam, PDF Arranger, Preview, Acrobat

Hapa ndipo ninapokaa siku nzima. Programu hizi zote huchomoa kweli, na faili halitoki. Kinachozitofautisha ni namna unavyouchagua ukurasa.

PDFsam Basic ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kwenye sehemu yake ya kuchomoa unaweka faili, unaandika namba, kwa mfano 2,5-7,12- na ile kistari ya mwisho isiyo na namba ina maana "mpaka mwisho wa faili". Unabofya, unapata faili jipya. Haikuonyeshi vijipicha vya kurasa katika kazi hiyo, hivyo ni lazima ujue namba kabla. Mimi hufungua faili kwenye kivinjari upande mmoja wa skrini, PDFsam upande wa pili. Wakati wa kusakinisha soma kila dirisha, kwa sababu itakushawishi kujaribu toleo lake la kulipia. Kataa tu, la bure linatosha.

PDF Arranger nayo ni ya bure, ya Windows na Linux, na ni kinyume chake: inakutandazia kurasa zote kama karata mezani. Unashikilia Ctrl, unabofya unazozitaka, unabofya kitufe cha kulia cha mausi, unahifadhi zile ulizochagua. Kwa kurasa zilizoskaniwa bila namba, au zilizogeuka juu chini, hii ndiyo yangu. Kwa kitabu cha kurasa 600 kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inachelewa, kwa kuwa ina vijipicha vingi vya kuchora. Hapo narudi PDFsam.

Mwenye Mac hahitaji yote hayo. Preview iliyokuja na mashine inatosha: fungua upande wenye vijipicha, shikilia Command, bofya kurasa, ziburute uziachie juu ya eneo la kazi. Papo hapo linazaliwa faili jipya. Tahadhari ni moja na ni kubwa. Ukiamua kufuta kurasa usizozitaka badala ya kuburuta unazozitaka, Preview inaweza kuhifadhi mabadiliko hayo juu ya faili lako la asili bila kukuuliza. Nakili kwanza.

Acrobat ya kulipia inafanya kila kitu, na kwa unadhifu. Ila Acrobat Reader, ile ya bure ambayo iko karibu kila kompyuta, haichomoi. Utabofya na kujikuta kwenye ukurasa wa malipo. Kama ofisi yako inalipia tayari, itumie. Kama hailipii, usilipie kwa ajili ya kazi hii peke yake.

Na Word? Tangu toleo la 2013 Word inafungua PDF, na wapo wanaofuta kurasa humo kisha kuhifadhi tena. Word haifungui PDF yenyewe, inaitafsiri kuwa waraka wake: majedwali yanahama, fonti zinabadilika, muhuri unaruka ukurasa wa pili. Taarifa ya benki iliyopita kwenye Word inaonekana kama iliyoghushiwa, hata kama mwenyewe hana hatia. Nawasihi wenzangu wa kazi tuiache kabisa njia hii.

Ukiwa na mafaili mengi: qpdf

Hii ni programu ndogo ya bure isiyo na madirisha wala vitufe. Unaiandikia amri. Najua wengi watarukia sehemu inayofuata, lakini kama uko shuleni, mahakamani au kwenye ofisi yenye skana kubwa, nisikilize kidogo.

Amri ya kawaida ni hii:

qpdf taarifa.pdf --pages . 35-46 -- miezi-mitatu.pdf

Nukta ile inamaanisha "faili hilo hilo". Herufi z ni ukurasa wa mwisho, kwa hiyo 35-z ni kuanzia wa 35 mpaka mwisho hata kama hujui faili lina kurasa ngapi, na r1 ni wa kwanza ukihesabu kutoka nyuma.

Sasa angalia kazi hii. Mwalimu aliskani majibu ya wanafunzi 60, kila mmoja karatasi nne, yakatoka faili moja la kurasa 240. Anataka mafaili 60. Ukichagua kurasa kwa mkono ni adhabu ya mchana mzima, ingawa baadhi ya programu nilizozitaja, kama PDFsam, nazo zina kipengele cha kugawa. Hapa ni mstari mmoja:

qpdf --split-pages=4 majibu.pdf mwanafunzi-%d.pdf

Yanatoka mafaili 60, la kwanza linaitwa mwanafunzi-001-004.pdf, la pili mwanafunzi-005-008.pdf, mpaka la mwisho. Mwalimu alisimama nyuma yangu akihesabu, akaniomba niiandike ile amri kwenye karatasi.

Kwa mtazamo mmoja

| Njia | Faili linatoka? | Ukurasa ni ule ule? | Unachaguaje |
|---|---|---|---|
| Kuprinti (Chrome, Edge, Android) | Hapana | Umechorwa upya | Namba, au tiki kwenye simu |
| Mafaili ya iPhone | Hapana | Ndiyo | Unafuta usizozitaka |
| iLovePDF, Smallpdf, Sejda | Ndiyo | Ndiyo | Kwa macho |
| PDFsam Basic | Hapana | Ndiyo | Namba |
| PDF Arranger | Hapana | Ndiyo | Kwa macho |
| Preview ya Mac | Hapana | Ndiyo | Kuburuta |
| qpdf | Hapana | Ndiyo | Amri |

Ukiniuliza mimi: simu tu, njia ya kuprinti inakutosha. Steshenari au ofisi ndogo, weka PDFsam na PDF Arranger zote mbili, hazigombani. Tovuti ziwe kwa nyaraka za umma. qpdf ni kwa mwenye mamia ya kurasa zinazojirudia.

Makosa yanayoharibu kazi hata njia ikiwa nzuri

Namba za kurasa ndizo zinazoongoza. Kitabu kina utangulizi wenye namba za Kirumi, i mpaka xiv, ndipo ukurasa wa 1 unapoanza. Mwanafunzi anakuambia ukurasa wa 45, anasoma ile namba iliyochapwa chini ya karatasi. Kwa kompyuta huo ni ukurasa wa 59, kwa sababu inahesabu tangu jalada. Acrobat Reader huonyesha zote mbili, iliyochapwa na ya kweli. Programu nyingi zinataka ile ya kweli. Tafuta tofauti mara moja, hapa ni 14, kisha ongeza kwenye kila namba.

Faili lililofungwa kwa nywila ni suala lingine. Taarifa kamili ya M-Pesa ya Kenya, kwa mfano, huja kwa barua pepe ikiwa imefungwa, na unaifungua kwa msimbo. PDFsam na qpdf ni lazima uzipe nywila kabla ya kuchomoa. Chrome nayo itaifungua ukiingiza nywila, na ukihifadhi kwa kuprinti, faili jipya halina kufuli tena. Kwa mwenye haraka ni nafuu. Lakini kumbuka kwamba miamala yako sasa iko wazi kwa yeyote atakayelipata faili hilo, kwa hiyo usiliache kwenye kompyuta ya steshenari. Mwambie aliyekuhudumia alifute mbele yako, na kwenye pipa la taka pia.

Halafu kuna lile la uzito. Umechomoa ukurasa mmoja kutoka faili la MB 60, na huo ukurasa mmoja unapima MB 55. Si uchawi. Baadhi ya programu hutengeneza PDF yenye ghala moja la picha na fonti linalotumiwa na kurasa zote, na ukichomoa ukurasa mmoja ghala lote linafuata. Mfumo wa maombi unaokataa faili zaidi ya MB 2 hautakuelewa. Kwa qpdf unaiambia iache visivyotumika:

qpdf --empty --remove-unreferenced-resources=yes --pages kubwa.pdf 5 -- ndogo.pdf

Neno --empty kwenye amri hiyo lina kazi nyingine ninayotaka kila afisa utumishi aijue. Ukichomoa kwa amri ile ya kwanza niliyoandika juu, qpdf hubakiza mambo ya faili zima, zikiwemo alamisho. Sasa fikiria faili la barua za wafanyakazi 80, kila barua ina alamisho yenye jina la mtu na sababu ya barua. Unachomoa ukurasa wa mtu mmoja, unamtumia. Anafungua upande wa alamisho, anasoma majina ya wenzake wote 79 na nani alipewa onyo. Ukianza na --empty, unaanza na jalada tupu, na kurasa zinaingia bila hayo. Kwa njia yoyote uliyotumia, fungua upande wa alamisho wa faili jipya kabla ya kulituma.

Kadhalika, kuchomoa ukurasa hakufichi kilichomo ndani ya ukurasa huo. Ukifunika namba ya akaunti kwa kisanduku cheusi, maandishi yaliyo chini yake kwa kawaida bado yapo, na mtu anaweza kuyanakili. Kufuta ni kazi nyingine, na inahitaji zana yake.

La mwisho ni sahihi ya kidijitali. Sizungumzii picha ya sahihi iliyobandikwa, nazungumzia ile inayofanya programu ionyeshe kwamba waraka umethibitishwa na haujabadilishwa tangu ulipotiwa sahihi. Sahihi hiyo inalinda faili zima, si ukurasa mmoja mmoja. Ukichomoa hata ukurasa mmoja kwa programu iliyo bora kuliko zote, unachopata ni waraka mwingine usiokuwa na uthibitisho huo. Mkataba wa namna hiyo usiukate. Tuma faili lote kama lilivyo, na kwenye ujumbe andika: tafadhali tazama ukurasa wa 7 na wa 8.